Magitaa tisa ukutani: mkusanyiko au stoo?

Msomaji ameniandikia hivi:

"Fundi, shikamoo. Nimekuwa nikinunua magitaa ya umeme kwa miaka kumi na moja na sasa ninayo tisa. Manne ni ya umbo la Stratocaster, mawili ya umbo la Les Paul, moja ni Telecaster, moja lina mwili wenye uwazi kama ES-335, na la tisa nilirithi kwa marehemu mjomba. Halina jina lolote kichwani. Yote nimeyatundika ukutani. Wapenzi wenzangu wa magitaa wakiyaona huuliza bei, nikishajibu mazungumzo yanaishia hapo. Juzi mmoja akaniambia wazi: 'Huu si mkusanyiko, hii ni stoo.' Imeniuma. Kuna tofauti gani, na nifanyeje ili nikiyaonyesha watu wapate cha kuzungumza?"

Marahaba. Naelewa kwa nini imekuuma. Miaka kumi na moja ya kujinyima ili ununue kitu unachokipenda haistahili kuitwa stoo mbele yako. Lakini tofauti ipo, na mimi naiona hivi: gitaa linaingia kwenye mkusanyiko siku unapoweza kusema linafanya nini ambacho mengine uliyonayo hayafanyi, kisha ukalichukua na kulipiga, msikilizaji akakubali. Idadi haina uzito hapo. Nimewahi kukaa na mtu mwenye Telecaster tano tu, umbo moja, rangi mbili, na saa tatu zilipita bila sisi kujua. Nimeona pia chumba chenye magitaa zaidi ya thelathini ambayo mwenyewe aliyafahamu kwa rangi tu.

Kwa hiyo usianze na ukuta, anza na sikio. Weka nyuzi mpya za unene mmoja kwenye yote tisa. Hili usiliruke, kwa sababu uzi uliochoka unabadilisha sauti kuliko mambo mengi ambayo watu hubishania. Tumia ampu ileile na waya uleule, na vitufe vya ampu usiviguse tena. Piga kipande kimoja kifupi, cha nusu dakika hivi, kwa pikapu (kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) ya karibu na shingo, kisha kwa pikapu ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini. Rekodi kila gitaa, halafu mwombe mtu mwingine ayape mafaili namba na kuyachanganya. Sikiliza kesho yake, ukiwa umetulia, na uandike unachodhani.

Utashangaa. Telecaster yako utaitambua upesi, hasa kwenye pikapu ya daraja. ES-335 nayo ina hewa yake. Utakapokwama ni kwenye zile Stratocaster nne, na huenda hata Les Paul zote mbili zikakuchanganya. Ukikwama usikate tamaa, maana kukwama huko kunakuonyesha mahali pa kuchimba.

Nikueleze kidogo unachokisikia, kwa sababu hiki ndicho chakula cha mazungumzo yote ya maana kati ya wapenzi wa magitaa. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mno, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake unausumbua uga wa sumaku, na ndani ya koili unazaliwa mkondo mdogo wa umeme. Koili moja, kama zilizo kwenye Stratocaster na Telecaster, hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumbani, ule mlio mzito unaousikia kabla hujapiga chochote. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, kampuni inayotengeneza Les Paul na ES-335, aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili zilizopangwa kinyume, ili mvumo ujifute wenyewe huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Hiyo ndiyo hambaka, na kuanzia 1957 ilikuwa kwenye Les Paul. Kwa kuwa inasikiliza uzi mahali pawili kwa wakati mmoja, sehemu ya ile mikwaruzo ya juu hupotea, sauti ikanenepa. Ndiyo maana hata vitufe vyake vya sauti kwa kawaida huwa vya kilo-ohmu 500, na vya koili moja 250: kitufe chenye ukinzani mkubwa huacha mng'ao mwingi upite, na hambaka inauhitaji zaidi.

Halafu kuna urefu wa uzi unaotetemeka, kutoka kwenye kizingiti cha juu hadi kwenye daraja. Fender, watengenezaji wa Stratocaster na Telecaster, kwa kawaida hutumia milimita 648, Gibson karibu 628. Tofauti ya sentimita mbili inaonekana ndogo, lakini kwa uzi uleule na noti ileile, mvutano kwenye shingo ndefu unazidi kwa takribani asilimia 6. Kidole kinalijua hilo kabla ya sikio. Uzi wa Les Paul unakunjika kama unakusikiliza. Wa Stratocaster unataka umwombe, ila ukiuachia unajibu kwa ukali na usafi zaidi.

Sasa tuzirudie zile Stratocaster nne, maana hapo ndipo mwenzako alipokukamata. Usikubali haraka kwamba ni gitaa moja lililonunuliwa mara nne. Zima taa, au fumba macho, mtu akupe moja moja. Shika shingo. Ipo iliyojaa kiganja na ipo nyembamba? Pitisha kidole kuvuka ubao wa freti, ule wenye vyuma vyembamba vilivyolala kuvuka shingo: kuna ulioviringa na ulionyooka zaidi? Stratocaster za zamani zina mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 184, nyingi za kisasa zina 241, na nyingine zimenyooka kuliko hapo. Kwenye ubao ulioviringa, ukishusha nyuzi sana kisha ukausukuma uzi mwembamba juu kwa nguvu, noti inakatika katikati kwa sababu uzi umegusa freti ya mbele. Kwenye ubao ulionyooka haikatiki kirahisi, ila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za karibu na kichwa hazikai mkononi kwa raha ileile. Hapo tayari una magitaa mawili tofauti, hata kama pikapu zinafanana kabisa.

Tazama na swichi. Stratocaster ilitoka mwaka 1954 ikiwa na swichi ya nafasi tatu. Wapigaji wenyewe ndio waliogundua kwamba ukiisimamisha katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili hulia pamoja na kutoa ile sauti laini ya puani. Wakawa wanaikwamisha hapo kwa makusudi. Kiwanda kiliwafuata mwaka 1977 kwa kuweka swichi ya nafasi tano. Kama moja kati ya zako nne bado ina nafasi tatu, hilo peke yake ni jambo la kumwonyesha mgeni, na si kwa maneno tu: mpe aikwamishe mwenyewe asikie.

Ukimaliza jaribio la sikio na la mkono ukakuta mawili hayatofautiani kwa lolote, ushauri wangu ni kuliachia moja liende kwa mtu atakayelipiga. Najua kuna wanaosema gitaa haliuzwi. Mimi nakubali sababu moja tu ya kubaki na mapacha: unapanda jukwaani, unahitaji la akiba, au unaliweka moja kwenye tyuni tofauti. Kama halipo hilo, pacha anaoza kwenye kiango wakati kijana fulani anajifunzia la kuazima.

Umeniambia watu huuliza bei. Huuliza bei kwa sababu umewaonyesha uso tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini gitaa la umeme sehemu kubwa ya uzuri wake imefichwa: nyuma ya kichwa, chini ya bamba, mwisho wa shingo pale inapoingia mwilini. Ukipiga picha, usiishie kwenye ile moja ya mbele. Piga mgongo. Piga mahali rangi ilipoliwa na mkono. Kisha, ukiwa umelegeza nyuzi na una bisibisi inayolingana na skrubu (hili nalisisitiza, kwa sababu vichwa vya skrubu vilivyoharibika nimevikuta vingi mno), fungua bamba upige picha ya ndani. Tumia mwanga wa dirishani usio wa jua la moja kwa moja, na zima mwanga wa kamera, maana laka inang'aa kama kioo na utaishia kuonyesha mwanga badala ya gitaa.

Ndani utakuta maandishi. Kwenye magitaa mengi ya Marekani, vitufe vya sauti vina namba iliyogongwa mgongoni. Tarakimu tatu za mwanzo ni za mtengenezaji wa kitufe, 137 kwa CTS na 304 kwa Stackpole, kisha unafuata mwaka na wiki. Namba 1376609 inasomeka: CTS, mwaka 1966, wiki ya tisa. Kwa za miaka ya 1950 mwaka huwa tarakimu moja tu. Kwenye Fender nyingi za zamani utakuta pia tarehe kwenye kisigino cha shingo, kwa penseli au kwa muhuri. Ila soma kwa busara. Kitufe kinakuambia gitaa haliwezi kuwa la kabla ya tarehe hiyo. Hakikuambii lilitengenezwa siku hiyo. Fender walinunua shehena kubwa ya vitufe mwaka 1966 wakavitumia kwa miaka kadhaa iliyofuata, kwa hiyo gitaa la 1968 lenye vitufe vya 1966 halina kasoro yoyote, na mtu akikuambia limechanganywa vipuri, mwonyeshe tarehe ya shingo.

Nikiwa fundi kijana niliwahi kuletewa gitaa la zamani lenye vitufe vinavyokwaruza. Nikavitoa, nikaweka vipya, vya zamani nikavitupa. Gitaa lilirudi kulia vizuri na mwenye nalo alifurahi. Miaka mingi baadaye alitaka kujua umri wake, na ushahidi pekee uliokuwemo ndio ule niliokuwa nimeutupa mimi. Tangu siku hiyo kila kipuri ninachokitoa kinaingia kwenye bahasha, naandika juu yake kimetoka wapi, na bahasha inaingia kwenye sanduku la gitaa. Nawe fanya hivyo. Fungua daftari, kila gitaa na kurasa zake: ulilipata lini, kwa nani, lilikuwaje, umebadilisha nini, nyuzi gani limezoea. Daftari hilo ndilo utakalolifungua mgeni akiuliza bei, na nakuhakikishia bei atasahau.

Usiogope kuandika mabadiliko. Kuna imani kwamba gitaa lililobadilishwa limeharibika, na sokoni ni kweli kwamba rangi iliyopakwa upya inashusha sana thamani ya gitaa la zamani. Lakini mtazame David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi ya Pink Floyd. Stratocaster yake nyeusi, aliyoinunua New York mwaka 1970, ilibadilishwa shingo, pikapu na swichi mara kadhaa. Alipouza magitaa yake zaidi ya 120 katika mnada wa Christie's mjini New York, Juni 2019, gitaa hilo lilifika dola 3,975,000, na mnada mzima ulizidi dola milioni 21, zikaenda kwa shirika la mazingira la ClientEarth. Waliolipa hawakununua mbao zisizoguswa. Walinunua maisha ya gitaa ambayo kila hatua yake inajulikana.

Na kuna Les Paul ya 1959 iliyokuwa ya Peter Green, mpiga gitaa wa bendi ya Fleetwood Mac. Sumaku ya pikapu moja imekaa kinyume, kwa hiyo ukiwasha pikapu mbili pamoja zinavutana badala ya kusaidiana, na sauti inatoka nyembamba, ya puani, yenye huzuni. Fundi mwenye haraka angelirekebisha siku ya kwanza. Halikurekebishwa, likapita kwa mpiga gitaa Gary Moore, na tangu 2014 lipo kwa Kirk Hammett wa bendi ya Metallica, bado na kosa lake. Magitaa ya aina hiyo ya 1958 hadi 1960 leo yanagombewa, lakini yalipokuwa mapya hayakuuzika vizuri; Gibson waliliacha umbo hilo mwaka 1961 na kulirudisha 1968, baada ya wapigaji kama Mike Bloomfield na Eric Clapton kuonyesha lina nini ndani. Huwa nawakumbusha hilo wanaoligeuza kila gitaa kuwa hesabu ya faida: wapigaji walilipenda kabla soko halijalitaka.

Ukuta sasa. Sikatai kutundika, gitaa linaloonekana hupigwa mara nyingi kuliko lililo sandukuni. Ila kagua rangi kwanza. Magitaa mengi ya zamani, na baadhi ya mapya ya gharama, yamepakwa laka ya nitroselulosi. Laka hiyo haipatani na mpira na sponji za viango na stendi nyingi. Zikigusana kwa muda mrefu laka inalainika na kuacha alama isiyofutika. Funika kiango kwa kitambaa cha pamba tupu. Yaliyopakwa poliesta au poliuretani hayana shida hiyo. Jua nalo ni adui wa polepole. Ule wekundu wa Les Paul za 1958 na 1959 ulififia kwa mwanga hadi mengi yakabaki na rangi ya asali, na Fender nyingi za buluu za miaka ya 1960 sasa zinaonekana za kijani kwa sababu laka ya juu imegeuka njano. Wapo wanaoupenda uzee huo, nami mmoja wao. Lakini gitaa moja kufifia upande mmoja kwa sababu dirisha liko kushoto ni hasara tupu.

Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55, kipimo chake ni kidogo na kinatosha kukiweka rafuni. Hewa ikikauka, ubao wa freti husinyaa na ncha za freti zikaanza kukukwaruza kiganja. Usizilegeze nyuzi eti shingo ipumzike. Nyuzi za kawaida zinavuta kwa zaidi ya kilo 40, na fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo imekazwa kupambana na mvuto huo. Ukiondoa upande mmoja kwa miezi, shingo inakunja kwenda nyuma. Yaache kwenye tyuni, na uyape zamu: kila wiki gitaa moja ndilo lako, unalipiga hilo tu. Kwa tisa, kila moja litapata wiki yake takriban mara sita kwa mwaka, vitufe havitakwaruza kwa vumbi, nawe utakuwa na jambo jipya la kusema juu yake kila zamu ikirudi.

Kuhusu mazungumzo yenyewe, badilisha unavyofungua mlango. Mgeni akifika usimpitishe mbele ya yote tisa. Teremsha mawili tu yanayopingana, tuseme Telecaster na ile ya umbo la Les Paul, yaunganishe kwenye ampu moja, mpe apige kitu anachokipenda kwa zote mbili. Muulize anasikia nini kabla hujamwambia wewe unasikia nini. Nawe ukienda kwake, usiguse hadi upewe, vua mkanda wenye bamba la chuma kabla hujaweka gitaa la mtu kifuani, na lile gitaa lake la bei ndogo aliloanzia liulizie kwanza. Mara nyingi ndilo lenye maelezo mengi kuliko yote.

Nimeliacha la mjomba hadi sasa kwa sababu barua yako ililitaja kwa nusu sentensi, na mimi ndilo ninalolitaka zaidi kati ya tisa. Kukosa jina kichwani hakumaanishi halina asili. Miaka ya 1960 viwanda vya Japani, Teisco kikiwa kimoja wapo, vilitengeneza magitaa yaliyouzwa kwa majina mengi ya wauzaji wa nje, na jina lililobandikwa hutoka kirahisi kwa jasho na miaka. Chunguza kichwa kwa mwanga wa pembeni: kama kulikuwa na kibandiko au bamba, utaona kivuli chake au matundu mawili madogo ya pini. Piga picha ya bamba la mgongoni, ya vitufe upande wa ndani, na ya swichi. Kama pikapu zimefunikwa kwa chuma, piga na mgongo wake. Usilipake rangi, usilisugue, usibadilishe hata skrubu yenye kutu kabla hujaipiga picha. Freti zikiwa zimeliwa, angalia zimeliwa wapi. Mikwaruzo chini ya nyuzi mbili nyembamba kati ya freti ya tano na ya kumi na mbili inakuonyesha alikuwa akicheza juu, solo. Zikiwa zimeliwa chini karibu na kichwa, kwa nyuzi zote, alikuwa mtu wa kodi. Ukishajua, waulize waliomsikia alikuwa akipiga nini, jifunze kipande kimoja, kirekodi kwa gitaa hilohilo, na ukiweke kwenye ukurasa wake wa kwanza daftarini. Kisha niandikie umekuta namba gani kwenye vitufe.